UZI MAALUMU: Bunduki za leva, rivolva za kizamani, na namna ya kumfundisha kijana shabaha

#1 Mnyamwezi wa Kaskazini (mleta uzi)

Wakuu, heshima zenu. Wakubwa wote shikamooni.

Kila Novemba ikikaribia huku Wisconsin simu yangu haipoi. Wanaopiga ni wazazi wenzetu, Watanzania, Wakenya, Wakongo, wenye watoto waliokulia huku. Mtoto kaalikwa na mwenzake wa shule waende porini na babu yake kuwinda kulungu, na mzazi kabaki njia panda. Akikataa, mtoto ananuna mwezi mzima. Akikubali, yeye mwenyewe halali. Najitolea kwenye kozi ya usalama wa uwindaji hapa tunapoishi, kwa hiyo nimeona bora niyaweke yote mahali pamoja ili mtu asome kwa nafasi yake, na mwenye swali aulize hapa hapa.

Nitaongelea silaha za aina mbili tu. Ya kwanza ni bunduki ya leva, ile yenye pete ya chuma inayozunguka kifyatulio, ambayo unaishusha na kuipandisha kila unapotaka risasi nyingine. Ya pili ni rivolva, bastola yenye silinda inayozunguka. Zote mbili ni za karne ya 19 na zote mbili nazipenda sana, sifichi. Lakini sababu ya kuzitumia kufundishia ni kwamba kijana anaona kwa macho yake kila kinachotokea. Nyundo iko nje. Ikiwa imerudi nyuma, silaha iko tayari kulia. Ikiwa mbele, imelala. Na risasi ya pili haiji mpaka mkono uifanyie kazi.

Tuanze na zilikotoka. Mwishoni mwa miaka ya 1840 Mmarekani mmoja, Walter Hunt, alibuni bunduki ya kurudia risasi. Ilikuwa na vikorokoro vingi mno, haikufaa. Wazo likapita mikononi mwa watu kadhaa, wakiwemo Horace Smith na Daniel Wesson (ndio hao hao wa Smith & Wesson), mpaka likamfikia Oliver Winchester wa New Haven, Connecticut. Huyu alikuwa tajiri wa kiwanda cha mashati, chuma hakukijua. Aliyekijua ni fundi wake Benjamin Tyler Henry, ambaye Oktoba 1860 alipata hataza ya bunduki iliyobeba jina lake.

Jamani, hebu fikirieni wakati ule. Askari wengi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani walikuwa na bunduki za kujaza baruti kwa mdomo wa mtutu, kwa mtindo ule ule wa gobore tunazozijua kule kwetu Tabora. Askari hodari alipiga mara tatu kwa dakika. Mwenye Henry alibeba risasi 16 za .44 (kipenyo cha karibu inchi 0.44) kwenye bomba refu chini ya mtutu, na alizimaliza kabla mwenzake hajashindilia ya tatu. Zilitengenezwa kama 14,000 tu. Ubovu wake ulikuwa kwenye lile bomba: lilikuwa na ufa chini kwa urefu wake wote, matope na mchanga vikaingia, na ulilijaza kutokea mbele, karibu na mdomo wa mtutu. Mtu anayejaza bunduki huku uso na mikono viko karibu na mdomo wake yuko pabaya.

Hilo lilitibiwa mwaka 1866. Nelson King, fundi wa Winchester, alitoboa kijimlango ubavuni mwa bunduki, ukawa unasukumia risasi pale kwa kidole gumba huku mtutu unatazama kule mbele. Kijimlango hicho kipo mpaka leo. Modeli ya 1866 ilikuwa na mwili wa shaba ya manjano, na ilienda mbali: Waturuki waliitumia kule Plevna (Bulgaria ya leo) mwaka 1877 wakawaangamiza Warusi wengi sana. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Juni 1876, kwenye mapigano ya Little Bighorn, baadhi ya Walakota na Wacheyenne, wenyeji wa asili wa Marekani, walikuwa na Henry na Winchester, wakati askari wa jeshi la Marekani chini ya Custer walikuwa na bunduki za kupiga risasi moja moja. Leva siyo iliyoamua vita ile peke yake, wenyeji walikuwa wengi zaidi na walipigana vizuri zaidi, ila maganda yaliyochimbuliwa pale uwanjani baada ya moto wa nyika wa 1983 yanaonyesha wazi silaha hizo zilikuwepo.

Ikaja modeli ya 1873 na risasi ya .44-40, yaani kipenyo cha .44 na greni 40 (kama gramu 2.6) za baruti nyeusi. Mwaka huo huo Colt walitoa rivolva yao mashuhuri, Single Action Army. Miaka michache baadaye, 1878, Colt wakaanza kuitengeneza kwa .44-40 pia. Kwa mtu anayeishi porini hii ilikuwa neema kubwa: mkanda mmoja wa risasi unalisha bunduki na bastola.

Halafu John Moses Browning wa Ogden, Utah, ambaye mimi namweka juu ya wabunifu wote wa silaha, akachora modeli ya 1894. Mwaka 1895 ikapewa risasi ya baruti isiyo na moshi, .30-30. Zimetengenezwa zaidi ya milioni 7. Kiwanda cha New Haven kilifungwa mwaka 2006, na siku hizi modeli hiyo inaundwa na Miroku kule Japani. Ukiingia nyumba ya mzee yeyote wa shamba huku kaskazini, uwezekano wa kukuta .30-30 kabatini, iwe Winchester au Marlin 336, ni mkubwa sana. Kwa kulungu, ndani ya meta 140 hivi, haina tatizo lolote. Misitu ya huku ni minene, kulungu wengi wanapigwa karibu kuliko hapo.

Ndani inafanya hivi. Ukishusha leva, bolti (chuma kinachoziba nyuma ya mtutu) inarudi nyuma, inachomoa ganda tupu na kulitupa nje, na wakati huo huo inaisukuma nyundo mpaka inakaa tayari. Leva ikifika mwisho, kinyanyuzi kinapandisha risasi mpya kutoka kwenye bomba. Ukiipandisha leva, bolti inaisukuma risasi hiyo ndani ya chemba, chumba cha risasi nyuma ya mtutu, na kujifunga. Unaweza kumwonyesha mtoto hatua zote hizo bunduki ikiwa tupu, taratibu, na akauliza maswali katikati.

Jambo moja la hatari ambalo watu wa bunduki nyingine hawalijui: kwenye bomba risasi zinapangana kichwa kwa kitako. Ncha ya iliyo nyuma inagusa fataki (kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti) ya iliyo mbele yake. Ndiyo maana risasi za leva zina pua bapa. Ukiweka zenye ncha kali ya chuma, mshtuko wa mlio unaweza kulipua bomba zima. Tangu 2005 Hornady wanauza zenye ncha ya plastiki laini, hizo ni salama. Nyingine zote zenye ncha kali usizikaribishe.

Sehemu ya kufundisha inafuata. Naweka kituo hapa kwanza.

#2 Fundi Baruti

Mkuu umetisha, uzi wa kuweka kwenye kumbukumbu. Nilisikia Rais Roosevelt alikuja Kenya na bunduki ya leva. Ni kweli ama ni hadithi za makampuni ya safari?

#3 Mnyamwezi wa Kaskazini

Fundi, ni kweli kabisa. Theodore Roosevelt alishuka Mombasa Aprili 1909, wiki chache tu baada ya kuondoka Ikulu, akiwa na mwanawe Kermit, kijana wa miaka 19. Walipanda reli mpaka nyanda za Kapiti na kuanza safari iliyokwisha Khartoum Machi 1910. Walikuwa na wapagazi zaidi ya 200. Mzee aliitwa Bwana Mkubwa na Kermit akaitwa Bwana Mdogo.

Bunduki yake ya simba ilikuwa Winchester 1895, kipimo cha .405. Aliiita bunduki ya dawa kwa simba. Hii ni kazi nyingine ya Browning, na ni tofauti na zile nilizoeleza juu kwa sababu haina bomba. Risasi zinakaa kwenye sanduku chini ya bolti, kwa hiyo zenye ncha kali zinaruhusiwa. Warusi waliagiza karibu 300,000 za modeli hiyo wakati wa vita vya kwanza vya dunia, kwa risasi yao wenyewe. Kwa tembo na kifaru Roosevelt alikuwa na nyingine, ya mitutu miwili ya Holland & Holland, zawadi ya marafiki zake Waingereza.

Ila niseme la moyoni. Baba na mwana walipiga wanyama 512 kati yao. Wengi walikwenda makumbusho ya Smithsonian na sayansi ilifaidika, ni kweli, lakini ukisoma orodha ile leo unaumia. Kermit alijifunza kupiga, na alikuwa jasiri kweli kweli. Somo la kutopiga nadhani alilipata kidogo sana. Mimi kwenye kozi hilo naliweka la kwanza.

Na tafadhali, mtu asimpe kijana .405 kwa sababu ya historia. Teke lake ni kali mno.

#4 Bi Mkubwa wa Kisauni

Mwanangu, maneno yako mazuri na elimu unayo. Lakini mie nna wajukuu wawili huko Ohio, na kila tukiwasha runinga twaona skuli imeingiliwa, watoto wamepigwa. Sasa wewe wasema watoto wafundishwe bunduki? Kwa nini wasifundishwe kukaa nayo mbali? Nieleze nielewe, kwani mie sijaelewa.

#5 Mnyamwezi wa Kaskazini

Shikamoo mama. Swali lako ndilo lililonifanya niandike, na nakujibu kwa heshima zote.

Hofu yako ina msingi. Mwaka 2020 silaha za moto zilipita ajali za magari zikawa chanzo cha kwanza cha vifo vya watoto na vijana wa Marekani, umri wa mwaka 1 mpaka 19. Ndani ya hesabu hiyo mna mauaji, mna kujiua, na mna ajali za majumbani. Habari za runinga zinaonyesha shule. Kujiua kwa vijana hakuonyeshwi, na kijana aliyepitiwa na giza la dakika kumi akikuta bastola kwenye droo ya baba, hapati nafasi ya pili kama ambavyo angeipata kwa njia nyingine nyingi.

Kwa hiyo mama, wajukuu wako wasiposhika bunduki maisha yao yote, ni sawa kabisa, wala hawajapungukiwa. Nyumba isiyo na silaha ni uamuzi mzuri na simshawishi mtu anunue silaha. Lakini nyumba ya rafiki yao inaweza kuwa nayo. Huku ni kawaida, na mjukuu hataambiwa kabla hajaingia. Kwa hiyo hata mtoto ambaye hatapiga milele anahitaji somo la kwanza, ambalo linafundishwa kuanzia umri wa chekechea: ukiiona bunduki, simama, usiiguse, ondoka pale, mwambie mtu mzima. Na wazazi wao wawe na ujasiri wa kuuliza kabla mtoto hajaenda kulala kwa rafiki: je, kuna silaha nyumbani, na imefungiwa? Watu wa huku hawachukii swali hilo. Anayelichukia, mtoto asiende kwake.

Kwa wale wanaoamua kuwa nayo, sharti langu ni moja na halina mjadala. Bunduki tupu, ndani ya sefu. Risasi mahali pengine, nazo chini ya kufuli. Ufunguo au namba ajue mtu mzima peke yake. Kuificha juu ya kabati siyo kuifungia. Mtoto anajua kila kilichoko juu ya kabati.

#6 Bi Mkubwa wa Kisauni

Marahaba baba. Hilo la kuuliza kabla mtoto hajalala kwa watu nitalipeleka leo leo kwa mamao. Endelea, twasoma.

#7 Dogo wa Minneapolis

Mzee shikamoo. Mimi nina mdogo wangu wa miaka 12, anataka kwenda na mimi. Unaanza naye wapi? Nilitaka nimnunulie .30-30 moja kwa moja akue nayo.

#8 Mnyamwezi wa Kaskazini

Marahaba mdogo wangu. Hapana, usimnunulie .30-30 sasa hivi. Nifuate pole pole.

Kabla ya bunduki yoyote, mpeleke kozi ya usalama wa uwindaji. Jimbo la New York ndilo lililotangulia kuifanya ya lazima, mwaka 1949, na leo majimbo yote yanayo. Hapa Wisconsin, aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1973 au baadaye hapati leseni ya kawaida ya uwindaji bila cheti chake. Walimu wengi ni watu wa kujitolea. Sehemu kubwa ya fedha inatoka kwenye kodi ya shirikisho inayogawanywa kwa sheria ya Pittman-Robertson ya 1937: asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi, asilimia 10 kwenye bastola. Kila anayenunua pakiti ya risasi analipia masomo ya watoto hao na hifadhi ya wanyama, na mimi naona hiyo ni moja ya sheria bora walizowahi kutunga.

Kanuni nne utazisikia pale mpaka uziote. Ichukulie kila bunduki kwamba ina risasi. Mdomo wa mtutu uelekee kusiko na madhara, muda wote. Jua shabaha yako, kilicho mbele yake na kilicho nyuma yake. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeamua kupiga. Hiyo ya tatu ndiyo vijana wanaidharau. Risasi ndogo ya .22 inaweza kwenda zaidi ya kilomita 1.5. Usipoona kichuguu au kilima nyuma ya mnyama, hupigi, hata kama mnyama ni wa ndoto zako.

Sasa shabaha yenyewe. Jua kwanza jicho lake tawala. Anyooshe mikono, aunganishe viganja abakize tundu dogo katikati, atazame kitu cha mbali kwa macho yote mawili, kisha arudishe mikono usoni taratibu. Tundu litakwenda lenyewe kwenye jicho moja. Wapo watoto wanaotumia mkono wa kulia huku jicho tawala ni la kushoto. Hao wakilazimishwa kulia wanahangaika miaka na hakuna anayejua sababu. Mwache apige kwa upande wa jicho. Leva kwa hili ni nzuri sana, haibagui mkono, tofauti na bunduki ya bolti yenye mkono upande wa kulia.

Anza na bunduki ya upepo. Wengi wa huku walianza na ile ya Daisy yenye leva. Kampuni hiyo ilikuwa ya vinu vya upepo kule Plymouth, Michigan. Mwaka 1888 ikaanza kumpa kila mkulima aliyenunua kinu bunduki ya upepo kama zawadi, na baadaye wakaacha vinu kabisa. Miwani ya kinga avae hata kwa hiyo, kwa sababu vile vigololi vya chuma vinadunda na kurudi.

Akishatulia, nenda .22 ya risasi moja moja. Anaweka moja, anapiga, anafungua, anaanza upya. Alale chini kwanza, kiwiliwili kimetulia ardhini, halafu aketi, apige goti, na mwisho kabisa asimame. Makosa ya wengi ni kumsimamisha siku ya kwanza. Bunduki nzito, mikono inatetemeka, risasi zinatawanyika, mtoto anakata tamaa na kukuambia hapendi. Mweke karibu, meta 10 au 15, karatasi kubwa, ili apate raha ya kuona matundu yamekaa pamoja. Na dakika 30 zinatosha. Mtoto akianza kuangalia angani, funga mafunzo, nunua aiskrimu, nendeni nyumbani.

Masikio ni lazima kwa kila hatua ya risasi ya moto. Mlio wa bunduki kubwa unapita desibeli 140 kwa mbali, na sikio likishaharibika halirudi. Kwa mtoto mimi naweka vizibo ndani na vifuniko juu. Hofu ya kishindo ndiyo mama wa kubabaika na kufumba macho. Baada ya mazoezi anawe mikono na uso kwa sabuni kabla hajala, kwa sababu ya ledi, yale madini yenye sumu yanayotumika kutengenezea risasi, ambayo yanabaki vidoleni.

Hapo ndipo leva ya .22 inapoingia, na subiri kidogo kabla ya kuifikia. Nyundo ya nje inafundisha, ila ina mtego wake. Kijana kakoki (kavuta nyundo nyuma), mnyama kaondoka, sasa nyundo inatakiwa ilale bila kupiga. Ashike nyundo kwa kidole gumba, abonyeze kifyatulio kidogo tu, aiteremshe, aachie kifyatulio mapema, nyundo ikae kwenye nusu koki, yaani imerudi nyuma kidogo tu. Gumba dogo lenye baridi ya Novemba likiteleza, bunduki inalia. Kwa hiyo afanye zoezi hili bunduki tupu, mbele yako, tena na tena, mpaka gumba lake liwe na nguvu ya kweli. Bunduki nyingi za miaka ya karibuni zina kitufe cha usalama pembeni. Atumie kitufe na kanuni ya mtutu kwa pamoja, asichague moja. Na kuzitoa risasi kwenye leva nyingi kunataka uzipitishe zote kwa kushusha na kupandisha leva, kwa hiyo wakati wa kutoa ndio mdomo wa mtutu uangaliwe kuliko wakati wowote.

Moja la mwisho kwa leo. Akifyatua na isilie, abaki amelenga kule kule, ahesabu sekunde 30 kabla ya kufungua. Fataki mbovu inaweza kuchelewa.

#9 Fundi Baruti

Na rivolva mkuu? Ulisema aina mbili.

#10 Mnyamwezi wa Kaskazini

Rivolva ni ya mwisho, Fundi, kwa vijana wakubwa tu. Mtutu mfupi unageuka upande mwingine kwa kuzungusha kiwiko kidogo, na mtoto akiitwa jina lake anageuka mwili mzima na bastola mkononi. Bunduki ndefu inakupa wewe mwalimu nafasi ya kuidaka. Bastola haikupi. Kisheria pia iko tofauti: sheria ya shirikisho inamkataza aliye chini ya miaka 18 kuwa na bastola isipokuwa kwa mambo machache, mojawapo mafunzo ya shabaha, na hapo inataka ridhaa ya mzazi ya maandishi.

Samuel Colt alipata hataza yake ya Marekani Februari 1836. Zile za kwanza zilijazwa baruti na risasi kila tundu kutokea mbele ya silinda. Smith & Wesson walinunua haki ya silinda iliyotobolewa mpaka nyuma, wakaishikilia mpaka hataza ilipokwisha mwaka 1869, ndipo Colt naye akapata njia ya kutoa ile ya 1873.

Colt ya 1873 ina matundu sita na watu wenye akili walibeba risasi tano. Pini ya nyundo inalala juu ya fataki, ikidondoka kwa nyundo inaweza kulia. Kwa hiyo unaweka moja, unaruka tundu moja, unaweka nne, unakoki na kuteremsha, na nyundo inakutana na tundu tupu. Ruger walilimaliza tatizo hili kwenye rivolva zao mwaka 1973 kwa kipande cha chuma kinachopanda kati ya nyundo na pini pale tu kifyatulio kinapovutwa. Mwanafunzi wangu anaanza na ya namna hii, ya .22, na nakala za kizamani anazishika baadaye akishaelewa zinavyofanya kazi.

Lakini kwa mwalimu, rivolva ina faida ambayo sijaiona kwenye silaha nyingine. Mjazie wewe, mgongo umempa. Weka risasi tatu za kweli na maganda matupu matatu bila mpangilio, mpe apige. Nyundo ikiangukia ganda tupu, mtutu ukichovya chini kwa ghafla, umemwona anavyobabaika, na yeye mwenyewe kajiona. Hakuna haja ya kumgombeza. Baada ya raundi chache anaanza kufyatua kwa utulivu, maana hajui ipi italia. Watu wazima wengi waliopiga miaka mingi wanatoka jasho kwenye zoezi hili.

Vidole vikae nyuma ya silinda muda wote. Kati ya silinda na mtutu pana upenyo mwembamba, na gesi ya moto inatoka pale kwa nguvu ya kukata ngozi. Aliyezoea kushika bunduki ndefu anapeleka mkono wa pili mbele bila kufikiri, kwa hiyo msimamie pale.

#11 Dogo wa Minneapolis

Nimekupata mzee. Binamu yangu yuko chuo kwa viza ya F-1, naye anataka kuja uwanja wa shabaha na sisi. Inaruhusiwa?

#12 Mnyamwezi wa Kaskazini

Msimamishe kwanza! Sheria ya shirikisho inawakataza walioingia kwa viza zisizo za uhamiaji, wanafunzi na watalii wakiwemo, kumiliki au kushika silaha na hata risasi. Kuna misamaha michache, na unaotumika zaidi ni kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo lolote la Marekani. Bila hiyo, kupiga hata mara moja kwenye uwanja wa shabaha ni kosa la jinai, na kosa la silaha linaweza kumfukuzisha nchini. Mwenye kadi ya kijani hahusiki na katazo hili. Amwone wakili wa uhamiaji kabla, na aje na leseni mfukoni, picha ya simu haitoshi kwangu.

#13 Fundi Baruti

Na sisi tulioko nyumbani mkuu, kijana wangu kasoma uzi wote huu na mimi, macho yamemtoka.

#14 Mnyamwezi wa Kaskazini

Fundi, huko mambo ni mengine na ni vizuri yawe mengine. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Kenya ina Sheria ya Silaha, sura ya 114, na Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977. Usijaribu kuiga ya Wisconsin. Gobore la mjomba kijijini lisilo na kibali lisiguswe na mtoto kabisa, tena mengi yamechomelewa na mafundi wa mtaani na yanapasuka usoni.

Kama kijana anapenda shabaha kweli, mwelekeze kwenye mchezo wa Olimpiki wa bunduki ya upepo, meta 10, uliopo tangu Los Angeles 1984. Kidoa cha katikati cha alama kumi kina kipenyo cha nusu milimita. Hakuna kuua, hakuna kishindo, kuna pumzi na utulivu tu, na umri wake ndio wenyewe. Kabla hujanunua chochote nenda kituo cha polisi uulize kama bunduki ya upepo inataka kibali hapo ulipo, na upewe jibu kwa maandishi. Ukilipata liweke hapa, maana kuna mwingine atauliza hivyo hivyo kesho.